Kizibao Namba Mia Moja na Tisa

Joho la mahafali Anwar alilivaa kwa saa tatu tu, akalirudisha pale pale chuoni, maana lilikuwa la kukodi. Kizibao cha kijani walichomnunulia rafiki zake hakikuwa cha kukodi. Kilikuwa chake moja kwa moja, na mgongoni kimeshonwa namba: mia moja na tisa.

Walimkabidhi Alhamisi alasiri, kwenye mkahawa wa nyuma ya stesheni ya Rabat, mara tu baada ya maandamano. Walikuwa wametembea mpaka mbele ya Bunge na kurudi, wakiimba yale yale ya kila siku, na polisi wakiwatazama kwa uvivu ule ule wa kila siku. Kisha wakavua vizibao, wakavikunja, wakaenda kunywa chai ya nanaa kama watu waliotoka zamu. Na kweli ilikuwa zamu. Kilichokosekana ni mshahara tu.

Zuheir alikaa pembeni, daftari likiwa mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa mshika daftari wa kikundi: miaka thelathini na sita, shahada ya uzamili ya jiografia, na miaka kumi na moja ya kuandamana. Kikundi chao cha wasomi wasio na kazi kilikuwa na watu mia moja na nane. Kila asubuhi, kabla hawajaanza kutembea, Zuheir alifungua daftari na kuita majina. Aliyeitika alipata alama. Aliyekosa siku tatu mfululizo bila cheti cha daktari alipunguziwa alama ishirini. Na aliyepata kazi yenye mkataba na muhuri, hata iwe ya kufagia, alipigwa mstari mwekundu na habari yake ikaishia hapo. Maana siku serikali itakapotoa nafasi, itachukua watu kwa kufuata daftari, kuanzia mwenye alama nyingi. Ndivyo walivyoamini, na wala hawakuwa wendawazimu. Kabla yao kuna vikundi viliwahi kuchukuliwa hivyo hivyo, watu wakaingia ofisini viatu vikiwa bado na vumbi la barabara.

Mwenye alama nyingi kuliko wote alikuwa Zuheir mwenyewe. Hilo nalo lilikuwa limemgharimu. Mchumba wake alimsubiri miaka sita, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kuolewa na daftari, akaolewa na mfamasia.

Sasa Miludi alisimama. Huyu alikuwa mtu wa falsafa, mnene, mwenye mdomo usiojua kufunga, na jioni aliuza makava ya simu kwenye kona ya soko. Biashara ile haikuhesabiwa kazi kwa kuwa haikuwa na muhuri; jambo hilo kikundi kililipigia kura. Akamvika Anwar kizibao kwa madaha yote ya mkuu wa chuo, akamfunga kamba za ubavuni, akamgeuza ili watu waone namba.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu ni bwana Anwar, uzamili wa kemia, daraja la kwanza. Amesoma miaka kumi na saba ili aje kunywa chai na sisi. Mpigieni makofi, maana hata sisi tulipigiwa."

Wakapiga makofi mpaka mwenye mkahawa akachungulia. Bushra, mwanasheria wa nafasi ya nne kwenye daftari, alimwita Anwar mwalimu, akampisha kiti kwa heshima za kejeli, akamuuliza kama mheshimiwa anapenda chai yenye sukari au ile ya wasio na ajira. Bushra huyo aliamka alfajiri kila siku na kupanda mabasi mawili kutoka kwao Khemisset ili tu aseme nipo. Kwa miaka minane hakuwa amekosa zaidi ya siku nne, na mbili kati ya hizo ni za kumzika baba yake. Mwingine akamshauri Anwar anunue viatu vya soli nene. Mwingine akamwambia asioe kabla ya alama mia tano. Kijana alicheka nao, masikio yamemwiva kwa aibu na furaha, akafungua bahasha ya biskuti za lozi alizotengeneza mama yake na kuwagawia. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Zuheir alimfahamu tangu akiwa mtoto wa chekechea, kwa kuwa walikaa mtaa mmoja kule Salé, mlango kwa mlango, na ndiye aliyemfundisha kusoma ramani.

Zuheir naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Kwa wiki tatu alikuwa na jambo kifuani na hakumwambia mtu.

Jambo lenyewe aliambiwa wizarani, kwenye korido, na karani mmoja aliyezoea kupokea nakala ya daftari kila mwisho wa mwezi. Siku hiyo karani hakupokea. Alimvuta Zuheir kando karibu na ndoo ya deki, akamwambia asijisumbue tena. Daftari halitazamwi na mtu, na halijatazamwa kwa miaka mitatu. Zile nakala zote ziko kwenye sanduku chini ya ngazi. Siku hizi watu wanaingia kwa mtihani, na mtihani una ukomo wa umri. Karani alimtazama usoni, akaona umri, hakuuliza. Akamwambia pole, na ilionekana alimaanisha.

Zuheir alirudi nyumbani kwa miguu. Asubuhi yake, akiwa mbele ya watu mia moja na saba, alifungua daftari ili awaambie. Akafungua mdomo, jina la kwanza kwenye orodha likamtoka, ambalo ni lake, na yeye mwenyewe akajijibu nipo kama kawaida. Basi. Tangu siku hiyo aliita majina kila asubuhi na kugawa alama zisizo na thamani ya karatasi zilizoandikiwa. Alijiambia atawaambia wiki ijayo. Unajua mwenyewe wiki ijayo ilivyo.

Makofi yalipotulia, Anwar alisema ana neno. Alisema kwa woga, kama anayeomba radhi. Alikuwa ameitwa kazini. Kiwanda kimoja cha samaki wa makopo kule mji wa bandari wa Safi kilitaka mtu wa maabara, wa kupima chumvi na kuangalia kama samaki hawajaharibika. Mshahara mdogo, ila upo, na mkataba una muhuri. Walimpa mpaka leo saa kumi na moja jioni awape jibu.

Pakalipuka kelele. Miludi alishika pua, akamsalimia kwa jina la daktari wa dagaa. Akamuuliza kama kwenye mahojiano walimpima akili au walimpima pua. Mtu akasema mama yake hata akimfulia nguo kwa bahari nzima, harufu haitatoka. Bushra peke yake hakutania. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwaka juzi kuna msichana wa takwimu alikwenda kiwanda cha nyaya kule Tanja, akapigwa mstari akiwa na alama mia sita, na baada ya miezi minne kiwanda kikampunguza. Akarudi kuanza na alama sifuri.

"Sikwambii uache," Bushra alisema. "Nakwambia tu mstari haufutiki."

Walikuwa hawamdanganyi. Hilo ndilo lililomuuma Zuheir kuliko lote. Kila mmoja pale alimpenda yule kijana na alimpa ushauri ambao yeye mwenyewe aliulipia kwa ujana wake.

Ilipofika saa kumi na nusu, Anwar alimgusa Zuheir bega, akamwomba watoke nje. Wakasimama ukutani, kwenye kivuli chembamba, treni ya Casablanca ikipiga honi upande wa pili. Kizibao bado alikuwa amekivaa.

"Kaka Zuheir, hawa wote wananitania. Wewe niambie kweli. Mama anasema niende nikakuulize wewe, utakalosema ndilo. Niende Safi?"

Zuheir alijua la kumwambia. Neno lilikuwa fupi. Nenda. Hata maelezo halikuhitaji. Angeweza kulisema na kurudi ndani kumalizia chai, na kijana angekwea basi kesho, angenuka dagaa, angempelekea mama yake chochote kila mwisho wa mwezi, na angekuwa mtu mwenye pa kwenda asubuhi.

Lakini Anwar angeuliza kwa nini. Huyu tangu utotoni hakuwa mtu wa kupokea jibu bila sababu. Na sababu ilikuwa moja tu, nayo ingemaliza kila kitu. Kupitia dirisha Zuheir alimwona Bushra akikunja kizibao chake, akinyoosha pindo kwa kiganja, taratibu, jinsi mtu anavyokunja nguo ya kuvaa kesho. Nani angemwambia huyu kwamba mabasi mawili kwa miaka minane yalikuwa yanaelekea kwenye sanduku chini ya ngazi? Na yeye Zuheir, akishafunga daftari, angekuwa nani? Mwanamume wa miaka thelathini na sita anayelala chumba kimoja na cherehani ya mama yake. Pale alikuwa wa kwanza. Palikuwa mahali pekee duniani alipokuwa wa kwanza, na aliogopa, aliogopa vibaya sana, kupaacha.

Tena kulikuwa na jingine, dogo na chafu, na hakutaka kulitazama. Hakutaka yule kijana aondoke.

"Wewe ni mtu wa daraja la kwanza," alisema mwishowe. "Samaki watakuwepo siku zote."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Mimi, kwa nafasi yako, ningesubiri."

Anwar alishusha pumzi ndefu, akatabasamu, na Zuheir akaona kwamba alikuwa amepunguziwa mzigo. Kumbe naye aliogopa Safi, aliogopa kupanga chumba peke yake na kutoa taarifa kwa bosi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumruhusu asiende. Akatoa simu, akapiga pale pale. Sauti ya mwanamke wa kiwandani ilisikika wazi, sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Anwar alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia ameona asubiri nafasi ya serikali.

Yule mwanamke alisikika akipekua karatasi.

"Una hakika, mwanangu?" akauliza. "Nina majina arobaini hapa. Nikikata simu namwita mwingine."

Anwar aliinua macho, akamtazama Zuheir, simu ikiwa sikioni, nyusi zimepanda, akingoja. Zilikuwa sekunde tatu, labda nne. Zilitosha kabisa. Mtu anaweza kusema mengi kwa sekunde nne.

Zuheir alitikisa kichwa kukubali.

"Nina hakika," Anwar akasema, akakata simu.

Wakarudi ndani. Habari iliwatangulia, sijui vipi, kwa kuwa Miludi alikuwa tayari ameagiza birika jingine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutania. Alimkumbatia kijana, akamwambia karibu nyumbani. Bushra alimsogezea daftari Zuheir na kumpa kalamu yake mwenyewe. Zuheir akaandika jina, shahada, na mwaka. Alikuwa amezoea kuandika.

"Kwa kawaida huchukua muda gani?" Anwar aliuliza, akiangalia wino ukikauka.

Wote wakavunjika mbavu. Walicheka mpaka Miludi akafuta machozi kwa leso ya meza, na Anwar akacheka nao bila kujua wanachekea nini.

Asubuhi ya pili ilikuwa na joto tangu mapema. Zuheir alipofika mahali walipokutana kila siku, Anwar alikuwa amefika kabla ya wote, kizibao kimepigwa pasi. Alikuwa na bahasha mkononi.

"Biskuti hizi za kwako peke yako," alisema. "Mama amekesha kuzipika. Anasema Mungu akulipe kwa kunisimamia, baba angekuwepo angefanya kama wewe."

Zuheir alizipokea. Zilikuwa bado na uvuguvugu. Akaziweka mfukoni, akafungua daftari, akaanza kuita, kuanzia kwake mwenyewe. Nipo, nipo, nipo. Sauti za juu ya orodha zilikuwa zimechoka, zikijibu kama anayejibu usingizini. Bushra alijibu huku akitoa mawe kwenye kiatu. Jina hadi jina, ukurasa hadi ukurasa, akafika chini kabisa.

Akaliita jina la mwisho.

"Nipo," Anwar akajibu, kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka watu wa mbele wakageuka na kutabasamu.

Zuheir akamwekea alama yake ya kwanza.