Toa Mbili

Tegueni kitendawili hiki taratibu, msikimbilie jibu: mkweli kahamia nyumbani, na tangu siku hiyo wenye nyumba wanakosea. Mimi jibu lake lilinikosesha miadi ya macho hospitalini, lakini liliokoa mtambo mzima, kwa hiyo sijutii.

Binti yangu wa mwisho ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha mabamba ya chuma. Nakijua kile kiwanda, nilipika chai kwenye kantini yake miaka kumi na minane. Chuma kinatoka tanuruni chekundu kama pilipili iliyoiva, kinapita kati ya rola mbili nzito, kinabanwa, kinarudishwa, kinabanwa tena, mpaka kiwe bamba la milimita tano kamili. Wenyewe hawasemi tano, wanahesabu sehemu za kumi za milimita, wanasema hamsini. Likizidi au likipungua kidogo tu, mteja analirudisha.

Unene huo ulikuwa ukisomwa na geji ya mshale, kuukuu, kioo chake kimeshiba moshi mpaka namba unazikisia. Mkurugenzi akataka mtambo wote ung'olewe, ukatwe chuma chakavu, na watu wake arobaini waende nyumbani. Binti yangu akasimama kikaoni akasema rola ni nzima, mota ni nzima, kilichozeeka ni jicho tu. Akaomba wiki tatu alibadilishe. Wakampa, na siku wakaitaja: Ijumaa saa sita mchana, mabamba kumi mfululizo yapite mbele ya mkaguzi. Yasipopita, mtambo unafungwa.

Akafunga geji mpya ya mwanga, isiyogusa chuma, na skrini yake ya namba kubwa akaiweka mbele ya kiti cha mwendeshaji. Mwendeshaji ni Kobe. Jina hilo tulimpa sisi wa kantini kwa unywaji wake wa chai: inapoa, inaota ngozi, yeye bado anaipuliza. Ila kwenye rola hana mpinzani. Kile kiti amekikalia miaka ishirini na miwili.

Jumatatu ya wiki ya mwisho wakajaribu. Mabamba yote yakatoka manene. Jumanne vilevile. Mkaguzi anabana ukingo wa bamba kwa maikromita yake, anatikisa kichwa, anaandika hamsini na mbili. Binti akachukua kipande cha chuma kilichopimwa kwa uhakika, cha hamsini, akakiweka chini ya geji. Skrini ikasema hamsini. Akarudia mpaka mkono ukamuuma. Hamsini.

"Binti," Kobe akamwambia, "chombo chako ni kama shahidi wa kununuliwa. Ukimhoji pembeni anasema kweli, akifika mahakamani anageuka."

"Wewe uliweka ngapi, mzee Kobe?"

"Hamsini. Naweka hamsini tangu hujaota meno."

"Na ile geji ya zamani, haikuwa na kasoro?"

"Ilikuwa sawa tu."

Binti akawauliza na waendeshaji wengine, wote wakasema ilikuwa sawa tu. Naye binti kila wanapojaribu yuko nyuma ya mtambo kwenye kabati la nyaya, haioni skrini.

Jumatano alasiri akarudi nyumbani na mabega yameanguka. Mimi nami nilikuwa nimenuna. Saa yetu ya ukutani ilikuwa inakimbia dakika kumi tangu marehemu baba yake yuko hai, na humu ndani kila mtu akiitazama anatoa kumi. Jumapili binti aliirekebisha, akaniambia, nikasikia. Jumatano asubuhi nikaitazama, nikatoa kumi, nikafika hospitali nesi ameshampa mwingine zamu yangu.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Mama, leo sina nguvu ya vitendawili."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mkweli kahamia nyumbani, wenye nyumba wanakosea."

Akazungusha kikombe. "Sijui. Nakupa mji."

"Nimeupokea, nimekaa. Ni hiyo saa yako. Umeifanya iseme kweli, mimi bado naitolea kumi za uongo wake wa zamani. Nimekosa daktari kwa ajili yako."

Alitazama saa. Akanitazama mimi. Kisha akakiweka kikombe chini, akaanza kucheka peke yake, na mabega yakapanda.

Alhamisi hakwenda kwenye kabati la nyaya. Alivuta kiti akaketi ubavuni kwa Kobe. "Leo nisomee kwa sauti unachokiona."

Bamba likapita, likarudi, likapita. "Hamsini," akasema Kobe, akaachia mkono wa mtambo.

Skrini ilikuwa imeandika hamsini na mbili.

"Soma tena, mzee wangu."

Kobe akaisogelea skrini. Akavua kofia, akajipangusa. "Winchi iliigonga ile geji hata hujaajiriwa," akasema polepole. "Msimamizi akatuambia toeni mbili mpaka itengenezwe. Haikutengenezwa."

"Mbona nilipokuuliza ulisema iko sawa?"

"Si ukishatoa mbili iko sawa?"

Msidhani kujua kulitosha. Mabamba matatu yakatoka vizuri, la nne mkono ukarudi kwenye mazoea. Kobe akataka kiti apewe mwingine. Binti akakataa, wengine wote walifundishwa na yeye, wanatoa mbili zilezile. "Usiseme hamsini," akamwambia. "Neno hilo linatoka lenyewe. Soma namba moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza." Wakashinda hivyo mpaka king'ora cha kutoka. Tano, mbili. Tano, moja. Tano, sifuri. Vijembe havikukosekana, wenzake walimpigia makofi ya shuleni. Kobe hakugeuza hata shingo.

Ijumaa mkurugenzi alikuja mwenyewe. Mabamba tisa yakapita. La kumi likarudi chini ya mwanga, na mkono wa Kobe ukalegea kama aliyemaliza.

"Tano, mbili," akasoma.

Binti anasema aliuma ulimi asimkumbushe. Ilibidi mkono ujifunze wenyewe, maana Jumatatu yeye hataketi tena ubavuni kwa Kobe.

"Tano, mbili," Kobe akarudia. "Bado mbili." Akabana tena. "Tano, sifuri."

Mkaguzi akasubiri lipoe, akabana maikromita, akaandika hamsini. Mkurugenzi akaomba aione, akaisoma mara mbili, akaagiza tanuru liongezwe moto. Kazi ikaendelea.

Jumapili Kobe alikuja kunisalimia. Nikampa chai, akaanza kuipuliza. Akainua macho ukutani. "Shemeji, hii saa yako mnatoa ngapi?"

"Hatutoi kitu. Inasema kweli."

Akatazama saa ya mkononi mwake, akatazama ya ukutani, akaridhika. Wala sikumcheka. Miadi yangu mpya ya macho ni Jumanne, na chini ya ile saa nimebandika karatasi, nimeandika kwa herufi kubwa: USITOE.