Jicho la Akiba

Kisirani alikuwa ameshavuka kizingiti cha duka, begi begani na viatu vya heshima mkononi, na baba yake mdogo bado anafoka nyuma yake kama birika lililosahauliwa motoni.

"Nenda! Nenda ukauaibishe ukoo! Chuo cha upimaji macho kinataka vichwa, hakitaki vibuyu vitupu!"

"Wameniita kwenye usaili, Baba Mdogo. Sikujialika."

"Wamekuita wakuone tu! Mtu mwenye maksi kama zile, hata mimi ningemwita nimshangae."

Wateja waliokuwa wakijaribu fremu mbele ya kioo waliangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichomwingia Kisirani mpaka kwenye mfupa. Matusi ya baba mdogo alikuwa ameshayazoea, lakini kuchekwa na mtu ambaye jana tu Kisirani mwenyewe alimkazia skrubu ya miwani bure, hapana. Akageuka, akamkata jicho yule mteja mpaka kicheko kikamfia mdomoni, kisha akashika njia.

Jina la Kisirani alipewa na familia tangu utotoni kwa sababu ya hasira zake za karibu. Baba yake alipofariki, yeye na mama yake walihamia chumba cha nyuma ya duka la baba mdogo, fundi miwani anayejulikana mtaa mzima. Amekulia humo, kwenye mlio wa mashine ya kusaga lenzi na harufu ya plastiki iliyopashwa moto. Kukata lenzi anajua. Kunyoosha fremu iliyokaliwa na mtu mnene anajua. Alichokitaka ni kile kisichofanyika pale dukani: kumkalisha mtu kitini, kumpima macho sawasawa na kujua kwa nini haoni. Mtihani wa kuingilia chuo alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili maksi zilitoka za kutia huruma. Safari hii chuo kilisema wale wa maksi za chini wanaweza kusikilizwa ana kwa ana. Wakimkataa hapo, basi tena. Atazeekea kwenye ile meza, akifuta alama za vidole vya watu.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, na nyuma yake watu watatu. Katikati mwenyekiti, bwana wa tai nyekundu. Kulia kwake daktari mwanamke mwenye mvi, kimya, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kushoto mzee mnene aliyekuwa akipigana na usingizi. Pembeni kulikuwa na kiti cha kupimia, cha ngozi nyeusi, maana chuo kile kilikuwa na desturi yake: kila anayeomba kuingia anakalishwa kwanza kwenye kiti cha mgonjwa na kupimwa, ndipo wamjadili.

"Binti," alianza mwenyekiti, akiishika karatasi ya matokeo kwa ncha za vidole kama anayeshika soksi ya mtu, "mimi nikifumba macho nikajibu kwa kubahatisha, nitapata zaidi ya hizi. Wewe uliwezaje?"

Mzee mnene akaamka ili acheke.

"Nilijibu nilichoweza, mheshimiwa."

"Hukusoma?"

"Nilisoma mpaka kichwa kikauma."

Daktari mwenye mvi akainua uso. "Kinauma wapi?"

"Hapa mbele. Nikisoma muda mrefu mistari inapandana, inabidi nifunge kitabu nitoke nje nikatembee. Si ndivyo kwa kila mtu?"

 Mwenyekiti akaonyesha kiti kwa kidevu. "Kaa pale tumalize. Watu wanasubiri."

Akakaa. Daktari akazima taa, akamfunika jicho la kulia kwa kijiko cheusi, akawasha ubao wa mbele. "Niambie unaona nini. Anza juu."

Sasa, ili mtu amwelewe Kisirani hapo, lazima aijue nyumba yake. Pale dukani ubao wa herufi ulikuwa ukutani mkabala na meza ya kulia chakula. Watoto wa familia waliujua kabla ya kujua kuandika majina yao. Waliuimba. Waliuimba kwenda na kurudi, juu mpaka chini, wakiruka kamba, wakiosha vyombo. Kila mwaka baba mdogo aliwapanga mstari, akawafunika jicho moja baada ya jingine, nao wakaporomosha herufi hadi mstari wa mwisho, naye akapiga makofi: "Macho ya tai! Ukoo wetu hauna kipofu!" Wakala biskuti, wakatawanyika. Kisirani aliwahi kumwambia kwamba akifunika la kulia, la kushoto linaona ukungu. Baba mdogo akamcheka: "Kila mtu ana jicho la kazi na jicho la akiba, mwanangu. La akiba halitumwi ovyo." Maneno hayo yakamtosha maisha yake yote.

Basi pale kitini jicho la akiba liliona ukungu kama kawaida yake, na mdomo ukajiendea wenyewe.

"H, V, Z, D, S," akaimba, haraka, bila kukwama. "K, N, R, C..." Akashuka mpaka chini kabisa.

 Kisha kile kicheko cha mzee mnene.

Daktari akaondoa kijiko. Kisirani akatazama kwa macho yote mawili. Ubao ule haukuwa na H wala V. Ulikuwa wa wasiojua kusoma: herufi E tupu kutoka juu hadi chini, zimegeuzwa huku na huku, na mgonjwa anachotakiwa ni kuonyesha kwa mkono miguu ya kila E imeelekea wapi.

Mwenyekiti alishasimama. "Haya! Maksi hana, na uongo anao! Mtu wa kudanganya kwenye kiti cha mgonjwa atawafanya nini wagonjwa wenyewe? Mtoeni mwizi huyu."

Hapo Kisirani akawaka.

"Sijadanganya!" Sauti ilitoka kubwa kuliko chumba. "Ningetaka kudanganya ningedanganya kitu kinachofanana na kilichopo! Ni mwongo gani wa kusoma H kwenye ubao wa E? Mimi mjinga, sawa, mmeshasema, karatasi mnayo. Lakini mwizi mnaniita kwa lipi? Nimewaibia nini?"

"Unaniongelesha mimi hivyo?"

"Wewe ndiye uliyenitukana!"

"Mwenyekiti," akasema daktari taratibu, "kaa."

"Siwezi kukaa huku..."

"Basi simama, lakini niache nipime."

Akamvalisha Kisirani fremu nzito ya majaribio, akatumbukiza lenzi, akatoa, akatumbukiza nyingine. Hakuwa na haraka. Mwisho akampa ukurasa wenye maandishi madogo. Kisirani akasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, akingoja mistari ianze kupandana. Haikupandana. Kila mstari ulikaa mahali pake umetulia, kama watu waliokwishalipa nauli. Machozi yakamtoka, na si ya furaha. Alikuwa akihesabu moyoni vitabu vyote alivyovifunga.

"La kulia lina kasoro ya kuona karibu, linarekebishika," daktari alisema. "La kushoto lilihitaji miwani ulipokuwa mtoto. Sasa litasaidika kidogo, lakini jicho kamili halitakuwa tena. Nani alikuwa akikupima?"

"Baba yangu mdogo. Fundi miwani."

Daktari akaandika vipimo kwenye cheti, akampa.

"Kwa hiyo mnanichukua?" akauliza Kisirani. "Si mmeona? Ni macho, si kichwa."

"Mimi sijui kama ni macho au ni kichwa. Na wewe hujui. Vaa miwani, rudia mtihani, uje tuone."

Hata huyo daktari, Kisirani alimchukia siku ile.

Nyumbani hakuvua viatu. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha mashine. Baba mdogo alikuwa anasaga.

"Wamekutimua, eeh? Nilisema mimi."

"Jicho langu la kushoto limekufa, Baba Mdogo."

Mashine ikazimwa. Akaeleza yote. Baba mdogo akawa anatikisa kichwa tangu neno la kwanza. "Nilikupima mwenyewe! Kila mwaka! Ulisoma mpaka mstari wa chini!"

"Nilikuwa naimba! Ulinifundisha wewe! Tena nilikwambia naona ukungu, ukacheka!"

"Ulikuwa mtoto, watoto husema mengi."

Mama yake alikuwa mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Tangu awe mjane alikuwa hajawahi kumpandishia shemeji yake sauti, kwa sababu ya lile paa lake lililowasitiri. "Shemeji," akasema, "mtoto huyu umemwita kibuyu mbele ya watu. Umemwita hivyo miaka yote. Kibuyu ni nani humu ndani?"

 Baba mdogo akanyoosha mkono wenye vumbi la lenzi. "Lete hicho cheti cha vipimo. Nitakusagia mimi. Nzuri kuliko za mtu yeyote."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Kisirani aliijua. Kwa hiyo akaikataa. Akatoka na cheti chake, akavuka barabara saa ambayo mtaa mzima uko nje, akaingia duka la mshindani wa baba yake mdogo, akaagiza miwani huko. Dharau kubwa zaidi ya hiyo katika biashara ile haipo, na aliifanya makusudi, shingo imesimama.

Mtihani akaurudia amevaa miwani hiyo. Maksi zilipanda. Hazikupanda sana, bado zilikuwa chini ya kiwango. Akaitwa tena mbele ya meza ndefu.

"Sasa tuambie," alisema bwana wa tai nyekundu, na utamu ulikuwa ukimdondoka. "Miwani unayo. Safari hii utasingizia nini?"

"Sisingizii. Maksi hizi ni zangu. Miaka niliyofunga vitabu hairudi kwa mwezi mmoja." "Nami nina swali. Siku ile aliketi pale mtu anayesoma herufi zisizokuwepo. Wewe ukaona mwizi. Huyu mama akaona mgonjwa. Mnafundisha lipi hapa? Maana kama ni la kwako, sihitaji chuo. Kutukana watu nimeshafunzwa nyumbani."

Mwenyekiti akapiga meza. Daktari mwenye mvi akainamia karatasi zake. Mzee mnene, aliyekuwa macho siku hiyo, akamwangalia mwenyekiti, kisha binti, na hakucheka. Walipopiga kura, mkono wake ulikwenda upande wa daktari.

Kisirani aliingia kwa mwaka wa majaribio. Somo la mwanga alilirudia, akamaliza karibu na mkia wa darasa lake. Anafanya kazi ya kupima macho katika hospitali ya vyumba vichache, na jicho la kushoto halikupona. Daktari mwenye mvi alistaafu. Mzee mnene alifariki kabla ya mahafali. Bwana wa tai nyekundu alihamia chuo kingine, na huko pia ni mwenyekiti. Mama anaishi na binti yake. Baba mdogo bado ana duka, na wateja hawajapungua. Hukutana na Kisirani misibani, wanasalimiana kwa heshima, kisha Kisirani huenda kukaa upande wa pili.