Kisahani cha Mama Ayoo

Haya nimeyapata kwa Nabangala, mke wa fundi Sifuna, mwaka jana, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Maji ya mafuriko yalikuwa yametoka mtaani kwetu Bwaise asubuhi ile, tukatoa magodoro juani, tukakaa uani kuchambua maharage. Alisema sasa linaweza kusemwa, kwa kuwa aliyekuwa wa kuumizwa nalo hayupo tena duniani.

Sifuna ni mtu wa Bungoma, lakini Katwe, mtaa wa mafundi, imemla miaka ishirini na miwili. Jirani zake pale wanagonga masufuria na majiko. Yeye huongezea magari nguvu. Vijana wenye magari ya kukimbia humletea yakiwa yananong'ona, huondoka nayo yakinguruma. Ana desturi moja ambayo hata wanaomcheka wanaiheshimu. Kazi ikiisha, humkalisha mwenye gari juu ya tairi kuukuu, humwonyesha kwa kidole kila alichokiweka, kimoja kimoja, kisha humkabidhi gunia lenye vyuma vya zamani alivyovitoa.

"Usije ukasema Sifuna ameniibia," husema. "Na ujue unapanda nini."

Oyat alimjia mwezi wa saba na Subaru ya buluu. Alikuwa kijana wa kufunga kamera madukani, mpole, mtoto wa pekee wa Mama Ayoo, ambaye Ayoo ni jina lake mwenyewe, mama wa Kitgum aliyekuwa askari wa jela kule Luzira mpaka akastaafu.

"Fundi, nataka farasi mia tatu."

"Sasa hivi unao wangapi?"

"Kitabu kinasema mia mbili na ishirini. Lakini wengine nadhani wamezeeka, wanalala kazini."

Sifuna alicheka, wakaelewana. Angefunga tabo kubwa zaidi, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, na bomba pana la kutolea moshi, na pampu ya mafuta yenye nguvu, kisha wapange upya kompyuta ya gari ili vyote visikilizane.

Siku ya tatu, injini ikiwa bado imening'inia kwenye mnyororo, Mama Ayoo alishuka kwenye boda mlangoni pa gereji, akalipa, akasimama wima kama aliye zamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Wewe ndiye naongezea mtoto yangu farasi?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Hao farasi wanakula nini?"

"Petroli tu, mama."

"Wanakula watoto. Mimi nimezika watoto ya wenzangu wawili, wote wa gari." Akamtazama usoni. "Lori yetu ya jela ilikuwa na kitu ndani. Hata dereva akanyage namna gani, haikimbii. Wewe weka kitu kama hiyo. Na Oyat asijue."

"Mama, mimi huwa namwonyesha mtu kila kitu."

"Onyesha yote. Hiyo moja ruka." Hapo sauti yake ikashuka. "Fundi, nina huyo tu. Wewe uko na mama?"

Sifuna anaye mama, Bungoma, na hajamwona miaka mitatu. Angeweza kukataa. Angeweza pia kumwita Oyat wakazungumza wote watatu, na kama kuna jambo linalomrudia hadi leo ni hilo. Lakini siku ile aliona ameombwa kitu chema na mzazi. Akachukua kipande cha chuma, akakikata mviringo upana wa kiganja, akatoboa katikati tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Kisahani hicho akakiingiza kwenye bomba la hewa, mbele ya tabo, akafunga. Gari lingeruka vizuri likianza, likijaribu kwenda mbio sana lingekosa hewa.

Jioni ya kukabidhi, Oyat alikaa juu ya tairi kama mwanafunzi. Sifuna akaonyesha tabo, akaonyesha bomba, akaonyesha pampu. Kidole kilipofika kwenye bomba la hewa kikapita. Mara moja tu katika miaka ishirini na miwili. Kisha akampa gunia lake.

Oyat alizunguka mtaa, akarudi meno yote nje. "Fundi, linanisukuma kitini. Hawa wote mia tatu wameamka."

"Nenda polepole," Sifuna alisema, kisha akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Wiki sita baadaye Oyat alichukua njia ya kaskazini, kumwonyesha mjomba wake gari. Alikuwa na rafiki yake Odur. Njiani walipata ajali, Oyat akafa. Odur alitoka kwenye ajali ile na mkono uliovunjika, na alipoweza kutembea alikuja Katwe mwenyewe, mkono shingoni.

"Mzee, hakuwa anacheza," alisema. "Tulikuwa nyuma ya trela, kitambo. Akaangalia mbele, mbali kabisa kuna lori la mkaa linakuja. Nafasi ilikuwepo, mzee, hata wewe ungepita. Akasema, mia tatu, kazi. Tukatoka vizuri. Tulipofika ubavuni mwa trela, gari likakata pumzi. Alikanyaga mpaka chini. Aliniangalia, akasema, mbona haliendi. Ndiyo hiyo tu aliyosema."

Sifuna alimpa Odur chai, na Odur akainywa peke yake.

Polisi walipima breki na tairi, wakaandika mwendo wa kasi, wakaliachia gari. Halikuwa na pa kwenda ila kwa Sifuna. Alilifungua peke yake. Mbele yote ilikuwa imekunjwa kama karatasi, lakini kisahani kilikuwa pale pale alipokiweka, safi, tundu katikati. Akakitia mfukoni mwa ovaroli. Usiku ule alimwambia Nabangala yote, na ndiye mtu pekee aliyemwambia.

Siku ya tisa baada ya kifo, saa nne asubuhi, boda ilisimama tena mlangoni. Mama Ayoo alikuwa amebeba gunia. Macho yalikuwa mekundu, yamezama, na Nabangala, aliyekuwa ameleta uji wa mafundi, alijua kwa kumtazama tu kwamba mama huyu hajalala tangu habari ilipofika.

Safari hii alikaa. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa siku nyingi, akamwaga gunia chini, akaanza kupanga vyuma kimoja kimoja.

"Aliweka chini ya kitanda," alisema. "Nimeangalia yote mara nne, labda aliiona akaitoa. Kile kitu yangu haimo."

"Haimo, mama."

"Odur alikuja kwangu. Anasema gari ilikataa kwenda." Mikono yake ilikuwa imeshika bomba la zamani. "Fundi, mimi nimeuliza wafungwa maneno mingi maisha yangu. Sasa nakuuliza wewe moja. Uliweka, ama hukuweka?"

Kisahani kilikuwa bado mfukoni mwa ovaroli, juu ya paja la Sifuna, na alisikia uzito wake. Kule nje nyundo za Katwe zilikuwa zinagonga kama siku zote. Alimtazama mkewe mara moja. Kisha akamtazama yule mama.

"Sikukiweka."

"Nilikuomba."

"Uliniomba, na nikakubali, na sikuweka. Niliona kitaharibu kazi yangu. Gari lilikuwa na nguvu zote."

"Yote?"

"Zote mia tatu. Odur alipata mshtuko, hajui anachosema. Nguvu ndizo zilizomshinda Oyat, mama. Mimi ndiye niliyezitia."

Nabangala alisema pale alitaka kufungua mdomo, lakini akainama, akaendelea kumimina uji wa mafundi.

Mama Ayoo akanyanyuka, akampiga Sifuna kofi moja, si kubwa, la mtu aliyechoka. Akarudi kitini.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Siku hizi zote. Nilidhani ni mkono yangu."

"Si wewe."

"Mungu akuone, fundi. Mimi sitakusamehe."

"Ndiyo, mama."

Kichwa kikaegemea kiti, mdomo ukafunguka kidogo, na katikati ya kelele zote zile, jua likizidi kupanda, Mama Ayoo akashikwa na usingizi. Nabangala alimfunika kwa leso yake. Mafundi wa jirani walipotaka kuwasha mashine ya kukatia chuma, Sifuna aliwanyooshea mkono, wakaiacha.

"Mbona umejibebesha?" Nabangala alinong'ona. "Atakutangaza Luzira nzima."

"Mmoja anatosha," alisema Sifuna.

Akarudisha vyuma vya Oyat ndani ya gunia, akaufunga mdomo wake, akaliweka miguuni pa mama. Kisha akatandika kadibodi lake kando ya Subaru iliyokunjika, kama afanyavyo akienda kufanya kazi chini ya gari, akajinyoosha chali. Akatoa kisahani, akakiweka kifuani. Aligeuza uso, akatazama chini ya lile gari muda mrefu, vile vitu vyote alivyovionyesha kwa kidole. Nabangala alikaa kati ya wale wawili akifukuza nzi, mpaka naye kichwa kikamwangukia magotini. Ilipopita saa tisa alasiri, mkono wa Sifuna uliteleza kutoka kifuani, kisahani kikabingirika taratibu vumbini, na yeye, usingizini, hakukisikia.