Mama Mwingine wa Enyonam

Jumamosi hiyo Enyonam alikuwa na mazoezi ya kwaya, basi Milena akaenda soko la Bè na wifi yake, Essivi. Mwaka wa kumi na mbili huu tangu mumewe, Foli, amtoe Bulgaria, alikokuwa amekwenda kusomea uhandisi, na bado Kimina, lugha ya kwao mume, kilikuwa kikimkwama kooni. Nyumbani walisema Kifaransa. Sokoni mkalimani wake alikuwa Enyonam, binti yake wa miaka kumi.

Ablavi, muuza samaki wa moshi, hakuwahi kumchangamkia Milena, ila mtoto hakumwacha aondoke bila andazi. Leo alipomwona Milena hana mtoto, akauliza jambo kwa ukali. Wenzake wakaguna. Essivi akaangua kicheko, akajishika mbavu.

"Wifi, anauliza yatima umemfungia wapi."

"Yatima gani?"

"Enyonam! Kawaambia mama yake alikufa akimzaa. Mzungu pia, lakini mwema, Kimina kikimtoka kama maji. Wewe ni mdogo wake, umerithi mume na nyumba. Mtoto unamlaza jikoni."

"Si uwaambie ukweli!"

"Mimi? Niharibu utamu wote huu?"

Mchana Milena akamuuliza bintiye. Mtoto hakuinamisha hata macho.

"Ukifungua mdomo wanakucheka, Mama. Wakikumaliza wewe, wananitazama mimi. Yule mwingine hawamcheki."

Jumamosi iliyofuata Milena alimshika mkono, akamkokota mpaka mbele ya meza ya Ablavi. Essivi akafuata nyuma. Kitu kama hicho asingekikosa.

"Haya, waambie mimi ni nani."

Enyonam akasema maneno machache, kwa sauti ndogo. Ablavi akajishika kifua. Muuza pilipili akaanza kulia. Mate yakatua karibu na kiatu cha Milena.

"Kasema nini?"

Safari hii Essivi hakucheka. "Kasema umemleta kwa nguvu, aseme wewe ndiye mama yake."

Milena akamtandika binti yake kofi lililosikika mpaka kwa wauza mitumba.

Ablavi akazunguka meza mbio, akamfunika mtoto kwa kitenge chake, akaenda naye kwake. Enyonam hakutoa chozi. Milena akapiga kelele kwa Kimina, "Wangu! Wangu!" Hata neno hilo moja akalikosea, na waliokuwa wakilia wakacheka.

Saa kumi Foli akaenda kumchukua bintiye. Akarudi naye, na samaki wa bure.

"Umempiga mbele ya Bè nzima," akamwambia mkewe. "Sasa hata mimi nikiapa, nani ataniamini?"

Enyonam siku hizi huenda sokoni na shangazi yake. Shule ilipogawa zawadi mwisho wa mwaka, wazazi wakaombwa wasimame pamoja na watoto wao. Milena alipokuwa anainuka kwenye kiti, Essivi alikuwa ameshasimama, na Enyonam amemshika mkono.