Zamu ya Bwana Dumbwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, Koleta alikuwa amesimama juu ya jiwe lililo nyuma ya zahanati, mguu mmoja mbele, mkono wa kushoto ameuinua kidogo, kwa sababu ndivyo mtandao unavyopatikana huko. Kijiji chao kiko mlimani Upare, juu ya mji mdogo wa Kisiwani, na anayetaka mistari mitatu ya mtandao hana budi kupanda jiwe hilo na kutulia kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wenye haya huamua kutopiga simu. Koleta, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mkulima wa tangawizi na mama yake Asheri, haya hizo alishaachana nazo. Alikuwa anapigana.

Mpinzani wake alikuwa Sindato, mfugaji wa Kwakoa, ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Walikutana kwenye Zizi Kuu, mchezo wa simu ambamo watu wa nchi nyingi hukamata viumbe wa ajabu, huwafuga humo humo simuni, kisha huwapambanisha mtandaoni mchezaji kwa mchezaji. Kila mmoja huingia uwanjani na viumbe watatu na ngao mbili, na pambano huchukua dakika tatu. Sindato alikuwa na fahali wa moto ambaye vijana wa Same mjini walimkimbia wakiona jina lake tu. Koleta hakumkimbia. Alimchelewesha, akamwacha ateme moto wote alionao, akaziba kwa ngao ya kwanza, akaziba kwa ya pili, na zilipobaki sekunde nne akamfungulia Dumbwi.

Dumbwi alikuwa kiumbe wake wa maji. Alishinda, akatoka kwenye simu, akashuka jiweni kwa kutanguliza miguu ya nyuma, na wakaenda zao shambani.

Alikuwa na ukubwa wa mtamba, mbele kiboko, nyuma kobe, rangi yake kama chupa ya soda. Kazi yake ilikuwa kumeza ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka bondeni, kuuweka tumboni mpaka uwe maji, na kuyamwaga kwenye matuta ya tangawizi, tuta kwa tuta, bila kuruka hata moja. Hedwiga, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alimtazama siku ya kwanza akiwa na beseni la vyombo kichwani.

"Mama Asheri," alisema, "huyo mnyama wako asipite kwenye maharage yangu."

"Hapiti, dada. Nimeshamwonyesha njia."

"Haya. Maana mambo ya tembo wa hifadhini yametutosha."

Utaratibu wake ulieleweka ndani ya wiki mbili. Koleta akishinda, Dumbwi hutoka na kukaa nje mpaka pambano lijalo. Akishindwa, Dumbwi hurudi simuni kupona kwa siku tatu, na kwa siku hizo tatu tangawizi hukaa na kiu. Koleta aliona ni haki. Hata fundi baiskeli hafanyi kazi akiwa mgonjwa.

Mchezo huo hakuutafuta. Asheri, aliyeko Dar es Salaam, alimletea mama yake simu yake ya zamani akasahau kuufuta. Mapambano kumi na mawili ya kwanza Koleta alipigwa kipigo cha mbwa koko. La kumi na tatu alishinda, kwa sababu aligundua kwamba jambo lenyewe analijua tangu utotoni. Kupigana mtandaoni ni kama kutumia ndiva, lile bwawa la kienyeji ambalo Wapare hulichimba juu ya mashamba yao. Unaziba mlango, unayaacha maji yajae, huhangaiki, na saa yako ikifika unafungua yote kwa mkupuo. Wachezaji wengine hufungua kila tone linalowajia. Basi kufikia kiangazi, mjane wa mlimani alikuwa mtu wa arobaini na moja katika Afrika Mashariki nzima, na kuna mwalimu mstaafu wa huko Korea aliyekuwa akimtumia vikatuni vya kulia machozi.

Ujuzi huo wa ndiva Koleta alikuwa nao wote. Alichokosa ni maji yenyewe. Alipokuwa hai mumewe, Zephania, familia yao ilikuwa na zamu ya Jumanne asubuhi, na Zephania alikuwa mmoja wa wajumbe saba wa kamati ya ndiva. Alipofariki, kiti chake kilibaki wazi na Jumanne ikaenda kwa mdogo wake, Eliufoo, mwenyekiti wa kamati, ili aitunze. Eliufoo aliitunza vizuri sana. Kabichi zake zilinenepa mpaka zikawa zinapasuka.

Koleta alikwenda kwenye kamati mara tatu. Katibu, kijana mmoja mpole aitwaye Elibariki, kila mara alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamtolea kiti, kisha akamsomea daftari.

"Mama, hapa imeandikwa zamu ni ya mwanamume wa kaya. Mwanamke hana zamu, ana mume mwenye zamu."

"Na mume akifa?"

Elibariki aliangalia ukurasa wa nyuma. "Hapajaandikwa kitu, mama."

Iliuma. Mfereji huo alikuwa ameubebea udongo kichwani tangu alipoolewa, mimba ya Asheri ikiwa tumboni, na sasa maji yalipita mbele ya mlango wake kila Jumanne bila hata kugeuza shingo. Ndiyo maana alikuwa akipanda jiweni alfajiri na kupigana na watu wa Korea.

Mwezi wa tisa kamati ilimtembelea. Walikunywa chai ya tangawizi, wakasifu tangawizi, wakaulizia hali ya Asheri. Halafu Eliufoo akakohoa.

"Shemeji, tumekuja kwa ajili ya huyu." Alimwelekezea kidole Dumbwi, aliyekuwa amelala kivulini akikoroma mapovu. "Anatumia maji ya mlima huu, lakini kwenye kazi ya msaragambo hatumwoni."

"Anakunywa ukungu, shemeji. Ukungu nao una kamati?"

"Ukungu ni maji ambayo hayajafika," alisema Eliufoo. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa lilikuwa jibu zuri.

Basi Jumatano baragumu la msaragambo lilipolia, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna anayeikwepa, Dumbwi alikwenda. Aliingia ndani ya ndiva, akazoa tope kwa mdomo, akalitema nje ya ukingo, na kufikia saa sita alikuwa amemaliza kazi ya wiki mbili. Wanaume walimpigia makofi. Koleta na wanawake wenzake walibeba tope kwa mabeseni kama kila mwaka, wakapika makande ya watu wote, na hilo halikuhitaji makofi.

Baada ya kula kukazuka hoja. Mtu aliyefanya kazi namna ile anawezaje kunyimwa zamu? Wazee walikubaliana kwamba haitakuwa haki. Kilichobaki kujua ni kama Dumbwi ni dume au jike, na hapo wakamwita Rodgers, bwana mifugo wa kata, aliyekuja na pikipiki na buti za mpira. Rodgers aliinama, akaangalia, akazunguka upande wa pili, akaangalia tena.

"Huku chini ni gamba tupu," alisema. "Mama, kwenye simu yake hawajaandika?"

Koleta alifungua ukurasa wa Dumbwi. Pembeni ya jina palikuwa na duara dogo lenye mshale, na Rodgers akathibitisha kuwa hiyo ndiyo alama ya dume hata kwenye vyeti vya ng'ombe. Watu walishusha pumzi. Elibariki akalikata kwa mstari jina la Eliufoo na kuandika kwa mwandiko wake wa duara: Bwana Dumbwi, kaya ya marehemu Zephania, Jumanne asubuhi. Na kwa kuwa kaya ilikuwa imepata mwanamume, akapewa na kile kiti cha kamati. Eliufoo hakununa. Alimshika Dumbwi mdomo, kwa kuwa mkono haukupatikana, akamkaribisha.

"Na mimi je?" aliuliza Koleta.

"Wewe tena, shemeji? Zamu si imerudi nyumbani kwako?"

Ilikuwa imerudi kweli, na Koleta alifurahi majuma matatu. Juma la nne yule mwalimu mstaafu wa Korea, ambaye kumbe machozi yake yalikuwa na mpango, alimpiga. Dumbwi akaingia simuni kupona. Jumanne saa moja Koleta alifika kwenye mlango wa ndiva na jembe begani, akamkuta Elibariki na daftari lake.

"Shikamoo mama. Bwana Dumbwi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko humu simuni, anaumwa."

"Pole yake. Akipona aje. Mwenye zamu asipokuwepo, maji yanaenda kwa jirani wa kiume wa karibu." Jirani wa kiume wa karibu alikuwa Eliufoo, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ameshafika na jembe lake.

Siku hiyo Koleta hakupanda jiweni. Alikaa ukingoni mwa shamba akajisemea kwamba hataki tena zamu ya kuazima. Anataka jina lake mwenyewe, Koleta, liandikwe, ili awe na maji akishinda na akishindwa. Aliwaendea wajumbe mmoja mmoja, kwa miguu, na kila nyumba akaacha mkungu wa ndizi. Ikawa hivi: watatu wako tayari wajane waandikwe, watatu hawako tayari. Wa saba alikuwa Bwana Dumbwi.

Kikao kilipangwa Alhamisi saa nne. Dumbwi alipona Jumatano jioni, na kutoka simuni hawezi bila ushindi, kwa hiyo Alhamisi alfajiri Koleta alikuwa jiweni. Mtandao ulimtafutia mpinzani, ukamletea Sindato.

Halikuwa pambano la kuchezea. Sindato alikuwa amejifunza. Naye sasa aliziba. Dakika mbili nzima viumbe wawili walitazamana katikati ya uwanja, yule mfugaji amesimama juu ya kichuguu huko Kwakoa, huyu mkulima juu ya jiwe lake, kila mmoja akimngoja mwenzake afungue. Chaji ya simu ya Koleta ilikuwa imebaki asilimia sita. Alikuwa na hofu, na hakuficha kwamba ana hofu. Aliomba kwa sauti. Sekunde ya kumi na moja kutoka mwisho fahali akaponyokwa na cheche moja tu, ndogo, ya mtu aliyechoka kusubiri. Koleta akafungua. Dumbwi akatoka, akashuka jiweni kwa kutanguliza miguu ya nyuma, na wakaenda kwenye kikao.

Wanawake hawaketi kwenye kikao cha ndiva, ila wanaingia na chai, hivyo Koleta aliingia na birika. Alikuwa na simu mfukoni mwa gauni. Mpango wake ulikuwa mwepesi: akibonyeza kitufe cha pigo la juu, Dumbwi huinua mguu wa mbele, na mguu wa mbele ungetosha kabisa kuwa mkono. Eliufoo alifungua kwa sala. Alipomaliza aliwatazama wote kwa upole.

"Kabla hatujaanza, ndugu zangu, kama kawaida yetu. Simu zote tuzime. Na ya mwenye chai."

Koleta alizima. Dumbwi akatulia palepale kwenye kiti cha Zephania, macho wazi, mdomo wazi kidogo, kama gunia lililoegemezwa.

Hoja ilisomwa. Wanaoafiki wajane waandikwe wanyooshe mikono: watatu. Wasioafiki: watatu. Wote wakageuka kumtazama Bwana Dumbwi, wakampa muda wa kutosha, hakuna aliyemharakisha. Kisha Elibariki akafungua kanuni, akasoma kwa sauti yake ya upole kwamba mjumbe asiyenyoosha mkono huhesabiwa kuwa ameridhika na mambo yalivyo. Akaandika: wanne. Eliufoo alimshukuru Bwana Dumbwi kwa busara yake, na Koleta akawamiminia chai, kwani alikuwa ameshaishika.

Nje aliwasha simu. Dumbwi alishtuka, akapiga chafya, akamfuata. Walipofika jiweni ujumbe wa Sindato, ambaye Koleta alimweleza habari za kikao alfajiri ile, ulikuwa unasubiri.

"Mama, kikao kimeendaje?"

"Bwana Dumbwi ameridhika na mambo yalivyo," aliandika Koleta.

Sindato alijibu: "Pole sana mama. Huku kwetu ng'ombe ambao mke wangu Naishorua alipewa na baba yake wako kwa jina langu. Simu hii niliinunua kwa kumuuza mmoja wao. Sijawahi kumuuliza."

"Muulize."

"Nitamuuliza," aliandika Sindato, na baada ya kitambo akaongeza, "kiangazi kikiisha."

Koleta aliusoma ujumbe huo mara mbili, na siku tatu zilipopita, fahali alipokwisha kupona, akamtumia Sindato mwaliko wa pambano. Safari hii hakumchelewesha wala hakuziba kitu. Alimaliza kwa dakika moja na nusu, na huko Kwakoa fahali wa moto akabaki simuni kupona siku tatu nyingine.

Jumanne saa moja mlango wa ndiva ulifunguliwa. Elibariki alisema shikamoo, akaandika kwamba Bwana Dumbwi amepokea maji yake yote, na Bwana Dumbwi akajilaza kwenye nyasi za ukingoni. Koleta alivua viatu, akashika jembe, akaingia mferejini kuyaelekeza maji shambani.