Sentimita Nane

Rula alikuwa amepiga magoti kwenye zege tupu la ghorofa ya pili, penseli sikioni, tepu ya kupimia mkononi, akihakiki boksi la soketi la arobaini na moja. Sentimita hamsini na tatu. La arobaini na mbili, hamsini na tatu. Alishayapima jana, na juzi pia, lakini leo mkaguzi anakuja, na mtu aliyebandikwa jina la Rula na mafundi wenzake hawezi kungoja mkaguzi mikono mitupu.

Jengo lilikuwa la ofisi, ghorofa nane. Kazi ya soketi ilikuwa imeanza kwa mafundi wawili: ghorofa ya kwanza alipewa Chapchap, ya pili Rula. Msimamizi aliwaambia wazi siku ya kwanza kwamba atakayepita ukaguzi bila doa ndiye atakayechukua ghorofa sita zilizobaki. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Mwenye nyumba wa Rula alikuwa amepandisha kodi mara mbili tangu mwaka uanze, na unga ulikuwa unabadilika bei kabla mfuko wa mwanzo haujaisha. Mwaka mzima wa kazi ya uhakika ungemfanya alale usingizi.

Ila tuseme kweli. Rula aliitaka kazi ile, lakini zaidi alitaka Chapchap aikose.

Chapchap alikuwa mwanyumba wake. Wake zao ni dada wa tumbo moja, na mkubwa ni wa Rula. Ni Rula aliyemfundisha kijana yule kushika bisibisi, enzi anapigwa shoti na kurukaruka hadi watu wanakuja kutazama. Leo Chapchap ana mashine ya kukatia ukuta, na Rula bado anagonga tindo. Chapchap ana pikipiki iliyoandikwa nyuma "Mwenye wivu ajinyonge", na kila asubuhi akimpita Rula anayetembea kwa miguu humpigia honi mbili za heshima. Angalau zingekuwa za dharau, Rula angepata la kulalamikia.

Kilichomchoma zaidi ni friji ya Chapchap. Mama watoto alikuwa na mtindo wa kuwatuma watoto na chupa kwa mama yao mdogo, wakagandishe maji. Hurudi wakipiga kelele njiani: "Baba mdogo kasema tukitaka barafu twende tu, hata kila siku!" Rula akipewa bilauri ya maji hayo husema koo linamuuma. Kisha huenda kunywa ya ndooni, vuguvugu, kwa hasira.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita, aliposhuka ghorofa ya kwanza kuazima koleo na kuona kitu, hakusema. Chapchap alikuwa ametega tepu yake juu ya zege, anachora alama ya boksi kwenye sentimita arobaini na tano, huku anapiga mluzi. Rula alikuwa ameusoma mkataba. Alimwomba karani wa kampuni ukurasa wa soketi, akaupiga picha kwa simu: soketi pacha kila mita tatu za ukuta, kila moja na waya wake wa ardhi, kimo sentimita arobaini na tano kutoka juu ya sakafu iliyokamilika. Na sakafu ilikuwa bado. Kulikuwa na saruji ya kusawazisha inakuja, na vigae juu yake, jumla sentimita nane. Fundi mwenye akili anapima hamsini na tatu kutoka kwenye zege.

"Umepata koleo?" Chapchap aliuliza.

"Nimepata," alisema Rula, akapanda ngazi na furaha yake moyoni. Haraka haraka haina baraka, alijiambia. Kwa wiki mbili alilala na siri ile kama mtoto aliyeficha andazi chini ya mto.

Mkaguzi alifika saa nne, kofia yake ya kazi safi kama ndiyo kwanza imetoka dukani. Alianzia ghorofa ya kwanza. Rula naye akashuka, eti anarudisha koleo.

Mkaguzi akaweka tepu kwenye zege. "Arobaini na tano. Safi." Ukuta wa pili. "Arobaini na tano." Rula alikuwa anasubiri neno "lakini". Mkaguzi alimaliza kuta zote, akatia alama kwenye fomu, akampa Chapchap aisome na kuisaini, na "lakini" yenyewe haikutokea.

Ghorofa ya pili haikuchukua dakika tano.

"Hamsini na tatu?" mkaguzi alisema. "Hii nini, fundi?"

"Mzee, bado saruji na vigae. Mkataba unataka arobaini na tano kutoka juu ya vigae."

"Vigae viko wapi?"

"Vinakuja."

"Vikija na mimi nitakuja. Leo napima kilichopo."

Rula akatoa simu, akamwonyesha ukurasa. Mkaguzi aliusoma wote, polepole. Alipomrudishia alishusha sauti, na sauti yenyewe haikuwa mbaya.

"Uko sawa, fundi. Ila fomu yangu ya leo ni ya kabla ya vigae. Ina mstari mmoja wa kimo, na umeandikwa arobaini na tano. Baada ya vigae kuna fomu nyingine, na ada nyingine."

"Na soketi zikikutwa ziko chini ya kimo?"

"Zitapandishwa. Aliyesaini ndiye atakayepandisha, kwa mfuko wake. Mimi sikuzitunga hizo fomu."

Msimamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni akichezea funguo za gari, alikuwa ameshachoka. "Mngekuja nyote na kipimo kimoja, ningemwambia mkaguzi amekosea yeye. Sasa huyu ana chake, wewe una chako. Nimwamini nani? Ghorofa ya kwanza imepita, yako imekwama. Zile sita ni za Chapchap. Wewe shusha hizi, na kama mwanyumba wako atakuhitaji huko juu, mtaongea wenyewe."

Wakaondoka. Rula alibaki anaangalia maboksi yake arobaini na mbili, yote sawa, yote yamekataliwa. Nyote na kipimo kimoja. Maneno matatu tu wiki mbili zilizopita, "Mwanyumba, ongeza nane," na sasa wangekuwa wawili dhidi ya fomu. Mchimba shimo huingia mwenyewe, na yeye alilichimba huku anacheka.

Chapchap alipanda mbio, fomu mkononi. Hakuja kumcheka, na hilo nalo liliuma.

"Pole, mwanyumba. Usijali, tutafanya wote. Siwezi kumchukua mtu baki wewe upo. Nitakulipa kwa siku."

Rula alimtazama. Angeweza kunyamaza tena. Mwezi mmoja tu, vigae viwekwe, mashine ile iuzwe, pikipiki iuzwe, friji itolewe mlangoni mchana kweupe majirani wakiangalia. Aliiona picha yote, na ilikuwa tamu. Kisha akamwona shemeji yake ndani ya picha hiyo, ameshika kichwa, na watoto.

"Umeshasaini?"

"Bado, natafuta kalamu."

"Usisaini. Umepima kutoka kwenye zege. Vigae vikiwekwa, zako zitakuwa thelathini na saba. Utapasua ghorofa nzima kwa pesa zako, na hizo sita juu yake."

Chapchap aliinamisha kichwa, akahesabu. Mtu anaweza kuwa na haraka bila kuwa mjinga.

"Hili umelijua lini?"

"Wiki mbili," alisema Rula.

"Wiki mbili." Chapchap alirudia taratibu. "Jumapili umekuja kwangu na watoto, umekula, umeshiba, umeniaga. Hukuwa na mdomo. Leo nimepata kazi ndiyo mdomo umekuja?"

"Nilikosea. Lakini hesabu ni ya kweli. Nenda kwa karani, uombe ukurasa."

"Mkaguzi kasema safi. Msimamizi kasema safi. Wewe peke yako ndiye unasema sivyo." Akatikisa kichwa, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Wivu huo, mwanyumba."

Wivu ulikuwapo, na sentimita nane zilikuwapo. Angemwonyesha vipi mtu kimoja bila kingine?

Chapchap akachomoa penseli sikioni mwa Rula, akaweka fomu ukutani, akasaini. Akairudisha penseli palepale sikioni, kwa upole.

"Anzia za upande wa dirisha," alisema akiwa mlangoni. "Na hapa kazini usiniite mwanyumba, watu watasema nakupendelea. Niite fundi mkuu."

Rula akaweka ncha ya tindo chini ya boksi la kwanza, lililokuwa mahali pake hasa.

"Sawa, fundi mkuu," alisema, akapiga nyundo.