Gambuti za Mzee Onyiego Kwenye Dhifa

Mzee Onyiego wa Kedowa husema kwamba enzi zake alichuma chai kwa kasi mpaka majani yakaanza kujirukia yenyewe kapuni. Majirani wamemzoea. Lakini wiki ile uongo ulikaribia kumwishia. Binti yake Mellen, muonjaji wa chai, angepewa tuzo kwenye dhifa ya klabu ya mashamba, naye alikuwa amempigia simu.

"Baba, suti nimekukodishia, na tai ya kipepeo. Viatu tafuta wewe. Vyeusi, vya kamba, bila madoido, na ving'ae kama kioo. Ukivaa vya kahawia utarudishwa mlangoni, na mimi nataka unione nikipanda jukwaani."

Onyiego akajibu kwamba anavyo, tena jozi tatu. Alikuwa na akala za tairi, na vile vya kahawia vya kanisani.

Akaenda mitumba ya Chepseon. Muuzaji akauinua mguu wake, akautazama, akaurudisha chini taratibu.

"Mzee, hicho si kiatu unatafuta. Hiyo ni ekari. Hati miliki unayo?"

Akarudi mikono mitupu. Pale varandani zilikuwa gambuti zake mpya, za kuingia nazo shamba la chai wakati wa mvua. Nyeusi. Zinang'aa. Onyiego akazitazama mpaka zikaona haya. Akachukua kisu cha kupogolea, akazikata chini ya kifundo, akazitoboa, akapitisha kamba, kisha akazisugua kwa mafuta ya kukamulia ng'ombe.

Mkewe Nyamusi akasimama mlangoni. "Baba Mellen, unaenda dhifa ama unaenda kukamua?"

"Wakinifukuza huko, nitarudi nikamue."

Jioni ya dhifa mvua ilinyesha mpaka vyura wakatafuta mwavuli. Mlangoni pa klabu alisimama mama mmoja, Cheptoo, mwenye jicho la karani wa kituo cha kupimia majani ya chai, yule anayekutupia nusu ya gunia lako kando. Bwana mmoja mnene wa viatu vya kahawia alikuwa amerudishwa sasa hivi, analalamika mvuani.

Cheptoo akainama. Akanusa.

"Mzee, hivi ni vya wapi?"

"Italia, mama. Huko ng'ombe hupakwa mafuta kila asubuhi, ndiyo ngozi yake haishiki maji."

"Hata mimi nimekamua leo asubuhi. Hayo mafuta nayajua."

Ndani, kipaza sauti kilikuwa kinaita jina la Mellen.

"Kadi ya mwaliko imesema vyeusi, vya kamba, ving'ae," Cheptoo akasema, kama anayejihesabia. "Ngozi haijatajwa. Pita, mzee. Lakini usikae karibu na moto."

Akaingia huku mpira ukilia nywii, nywii kwenye sakafu, na meza nzima nzima zikageuka. Mellen alikuwa jukwaani. Akaviona viatu kwanza, halafu uso wa babake. Akajiziba mdomo kwa ile tuzo, mabega yakatikisika kwa kicheko.

Onyiego akainua mguu mmoja juu kidogo, binti aone vizuri.